Ukingo

Saa tisa usiku Geesje anapigana na kiputo.
Kimoja tu, kidogo kuliko tundu la sindano,
kimesimama ndani ya mrija, mlangoni mwa mfereji.
Kikipita kitazing'oa seli zote
kama ufagio juu ya unga.
Anagonga mrija kwa ukucha. Polepole. Tena.
Kinapanda. Kinapasuka.
Sasa anaweza kupumua.

Mfereji aliufinyanga mwenyewe, chumba cha taa ya manjano,
amejifunika hadi nyusi;
akamimina silikoni juu ya kalibu, akaioka,
akaibandua kama utandu wa maziwa.
Upana wake ni unywele mmoja na nusu ya mwingine.

Babake hakuamini.
Hinnerk, miaka thelathini na minne
alifungua na kufunga malango ya maji ya Twente,
matishari ya changarawe yakipanda na kushuka mbele yake.
"Na wako unapitisha nini?" aliuliza, akipaka mkate siagi.
"Chumvi, sukari, maji ya rangi ya waridi. Badala ya damu."
"Na ukingoni anaishi nani?"

Ukingoni wanaishi waliotoka kitovuni
mwa mtoto aliyezaliwa Jumanne, hospitali ya ng'ambo ya reli.
Mama alitia sahihi, akaenda nyumbani na mwanawe.
Mtoto sasa anajifunza kunyonya;
seli zake zinajifunza kukaa bila yeye.

Maji yalipotuama zilikaa ovyo,
kila moja na kibla chake.
Kisha pampu ikaanza kudunda.
Saa ya sita, si lolote.
Saa ya kumi na mbili, moja ikajinyoosha,
labda mbili, labda ni macho yake yaliyochoka.
Leo, saa ya ishirini na nne, anainamia hadubini:
zimelala zote kuuelekea mkondo,
nyembamba, bega kwa bega.
Tuliambiwa maji hufuata mkondo.
Kumbe na ukingo.

Isipokuwa pale kwenye pembe.
Pale maji hujizungusha, hayajui yaende au yarudi,
na seli zimebaki vilevile, zimevurugika, zimevimba.
Geesje anaitazama pembe ile muda mrefu.
Mwaka juzi daktari alimwonyesha picha ya moyo wa Hinnerk,
akaweka kalamu pale mshipa unapopinda.

Anapiga picha, anaituma bila maelezo.
Mzee halali siku hizi. Jibu linafika
kabla kahawa haijapoa:

"Pembeni, mwanangu. Tope hukaa pembeni siku zote.
Sisi tulikuwa tunalichota kila Machi."