Mate

Dundee, Februari. Saa tisa na nusu, dirisha limeshaanza kufa.
Ishbel Rennie anaviringisha pamba kwenye kijiti,
anaiweka ulimini kama mshonaji alowanishaye uzi,
kisha anaigusa nguzo ya kanisa.

Ndiyo dawa yenyewe, aliniambia siku ya kwanza.
Hakuna kimiminika cha dukani kilicho pole
kama mate ya mtu aliyekunywa maji matupu tangu asubuhi.

Mimi nashika taa.
Picha imelazwa mezani chali, kama mgonjwa:
ndani ya abasia, matao juu ya matao,
padri mmoja mdogo kama punje ya mtama,
na weusi ule, weusi ule mzito wa rangi ya mafuta
uliowavua watu kofia miaka mia na tisini.
Enzi zile walipenda magofu na mbalamwezi.
Walisema mchoraji alimwona Mungu humo gizani.

Pamba inarudi na rangi ya chai ya mkandaa.
Nyingine. Nyingine tena. Kopo linajaa.
Moshi wa makaa, anasema. Vumbi la juti.
Ilitundikwa ofisini, kiwanda cha magunia,
na kila Jumanne wakubwa waliivutia sigara.

Bwana Ogilvie wa kamati ameteremka kutazama.
Anasimama mlangoni, koti halijavuliwa.
"Mnamfua," anasema. "Mtabaki na ukuta."
Ishbel hajibu.
Kinywa chake kina kazi.

Siku naondoka Tanga bibi alinitemea mate utosini,
pu, pu, pu, mbele ya majirani wote.
Nilijipangusa kabla ya kufika stendi.

Saa kumi na mbili tumefungua kipande
kisichozidi stempu.
Samawati. Hewa. Jiwe jeupe lililopigwa jua la asubuhi,
na chini yake, pale walipoonyeshana kivuli cha malaika,
ngazi imeegemezwa ukutani
na ndoo ya chokaa.

Ishbel anacheka mpaka kijiti kinamtoka.
Walikuwa wanapaka chokaa! Mafundi wameenda kula!
Anazima taa ya meza, anafunika turubai kwa karatasi,
anatafuta glavu zake chini ya kiti.

Kesho, anasema, padri ni wako.
Usile kitunguu.