Kiasi

Umeniuliza kwa simu, Mwatime,
umealikwa Sikukuu ya Shukrani, upeleke nini,
na oveni yako imekufa tangu majani yaanze kupukutika.
Usinunue keki. Keki ya dukani
hukaa pembeni mwa meza kama mgeni asiyejua lugha.
Peleka boga.

Shuka Mtaa wa Lisbon, vipite viwanda vya nguo vilivyonyamaza,
duka la Msomali lina tui la kopo, lina iliki.
Boga lenyewe usilipie.
Wiki hizi yamejaa vibarazani;
yaliyochongwa macho na meno yameshaoza,
lakini hakosi kuwapo moja zima, dogo, lenye kikonyo kikavu.
Dogo ndilo tamu, kubwa ni maji matupu.
Bisha hodi, omba. Watakupa na kukushukuru.

Kata vipande vya kushika kwa vidole viwili,
ganda liache, ndilo litakalozuia lisivurugike.
Kopo usilitikise: tui zito limeganda juu,
lichote uliweke kando,
boga lichemke kwa lile jepesi.
Zito liingie mwisho, moto ukiwa umeshuka,
usije ukalikata.
Sukari kiasi. Iliki kiasi.
Chumvi, ile ya kuibia tu, kiasi.

Hapo ndipo nilipokwama mimi, mwaka wangu wa kwanza.

Chini yangu alikaa Bi Lorraine Thibodeau,
miaka themanini na mmoja, mstaafu wa kiwanda cha mashuka,
Kifaransa cha nyumbani, Kiingereza cha kazini.
Alialika ngazi nzima.
Mezani pai za matufaha, pai ya njugu,
krimu iliyopigwa hadi ikasimama,
na jeli ya kijani, sijui ya nani, inatetemeka
kila mlango unapofungwa.
Bakuli langu nililifunika kitambaa
nikaliweka karibu na ukuta.

Likafunuliwa. Watoto wakaguna.
Bi Lorraine akachota, akalamba kijiko,
akachota tena,
sikusikia neno mpaka bakuli likakwanguliwa.

Kisha akavaa miwani, akaleta kadi na kalamu.
Tui vikombe vingapi?
Nikasema kiasi.
Kiasi ni vingapi?
Nami namwona mama jikoni Pangani,
anamimina huku anagombana na mtu dirishani,
mkono unajua pa kukoma, mdomo haujui.
Mama hakupima. Aliisikiliza sufuria.

Nani alikufundisha?
Mama.
Jina lake?
Tatu, nikasema,
na alipoinua nyusi nikamwonyesha vidole:
moja, mbili, tatu.
Akaitikia kwa kichwa,
akaandika: vikombe vitatu.

Nilifungua kinywa kumsahihisha.
Mama alikuwa na miezi minne tu chini ya mchanga,
na karatasi zangu hazikuniruhusu kwenda
hata kumwagia maji kaburi.
Kinywa nikakifunga.
Nikaliacha jina lake likakae kwenye kadi ya watu,
kati ya sukari na chumvi,
kwa mwandiko wa kulalia kulia, wa shule ya masista.

Wiki ya pili nikaazima kikombe chake cha kupimia,
cha bati, kimebonyea ubavuni.
Nikamimina cha kwanza. Nikamimina cha pili.
Cha tatu nilikwenda polepole,
nikitaka mkono unikatalie,
uniambie basi, imezidi.
Haukusema kitu.
Nikaonja nikiwa nimesimama, jaketi mwilini, zamu inaningoja,
na lilikuwa lenyewe, Mwatime,
lenyewe hasa,
nikachelewa kazini dakika ishirini.

Basi andika:
boga moja dogo,
tui, Tatu,
mengine kiasi.
Ulifunike vizuri, njiani kuna upepo wa mtoni.
Na bakuli langu la bluu ulirudishe.