Mgongo wa Mama Katika Kadi Namba Saba

Seti ni ya kadi kumi na mbili, kila moja na "ya kwanza" yake:
mrusho wa kwanza, ushindi wa kwanza,
hata mvua ya kwanza iliyovunja mechi,
Wahunzi wa Erie walipokuwa wachanga
na jezi zao bado zinanuka duka.

Namba moja: Cletus Haverty, mkono nyuma ya sikio
kama mtu anayetegea habari za jirani.
Namba mbili, kipigo cha kwanza, kumi na tisa kwa sifuri.
Koleo lilivunjika; uhunzi ukaendelea.
Namba nne: Orrin Pfeiffer, wa kwanza kuiba kituo,
vumbi limemla hadi kiunoni, naye anacheka.
Mwizi huyu alipigiwa makofi.

Mimi natafuta namba saba.

Muuzaji anavaa glavu nyeupe kuishika.
Kona moja imepindika, anaguna; nyuma kuna doa la chingamu.
"Ingekuwa safi, ningekutoza mara tano."
Simjibu. Kasoro yake ndiyo nafuu yangu.

Delbert Oakes, gongo limemaliza kazi, kidevu juu.
Mpira haumo pichani,
umeshavuka ukuta, umeshaingia katika hesabu.
Watu elfu tisa wamesimama, vinywa wazi
kama vifaranga.

Isipokuwa mmoja.
Safu ya tatu, juu kidogo ya bega la Delbert,
mkanda wa sanduku la njugu shingoni, kilemba cha madoadoa:
Bronia Wasilewska, mama yangu,
ameupa uwanja mgongo,
anahesabu chenji.

"Niliona kelele tu," alikuwa akisema hadi uzeeni.
Mteja alitoa noti ya dola tano kwa njugu za senti kumi,
na yeye, aliyepunjwa siku yake ya kwanza kazini,
hakutaka kukosea tena.
Alipogeuka, Delbert alikuwa ameketi, anakunywa maji.

Nyuma ya kadi wameandika tarehe, upepo, umbali kwa futi.
Hawakuandika
kwamba usiku ule alirudi na faida
ya kuninunulia viatu vipya,
vya kwanza visivyopitia miguu ya dada.
Hiyo haina kadi.

Nalipa. Muuzaji ananirudishia chenji.
Naihesabu palepale, taratibu, sarafu kwa sarafu,
mgongo wangu dirishani,
na huko nje watu wanashangilia
sijui nini.