Punguzo la Elfu Tatu

Masika yale Kibo hatukuuona wiki tatu.
Ukungu ulishuka toka Kidia hadi Kiboriloni,
ukaingia mashineni kwangu bila hodi,
ukajibanza nyuma ya magunia,
pale ukuta unapovuja.

Ndewawio alikuja na toroli la mwanawe.
"Pumba?"
"Elfu kumi na nane."
Akafungua fundo la khanga, akahesabu, akalifunga tena.
Nikamwambia lipo moja la nyuma, kumi na tano.

Nililijua gunia lile.
Asubuhi niliingiza mkono, ukatoka una joto
kama uliotoka kwapani,
na harufu ya chumba cha marehemu kabla madirisha hayajafunguliwa.
Nikajisemea: kuku huyu huyu anayechakura jalalani?
Tukalipakia toroli.
Akanishukuru. Akaniombea Mungu anizidishie.

Nyumbani kwake, Pasua, walikuwa mia na ishirini,
manyoya bado ya pamba,
wamelizunguka jiko la mkaa kama wazee wenye kesi.
Akawachanganyia pumba na dagaa na mashudu.
Vumbi likapanda. Wakalivuta.

Siku ya nne hawakugombania chakula.
Walisimama shingo juu, midomo wazi,
kama wanaosoma kitu darini,
na hawakukoroma, hilo ndilo lililomchanganya;
mwenye mafua hukoroma.
Hawa walihema kimya, kimya,
hadi mmoja akaketi, na wengine wakaketi.

Dukani wakampa dawa ya mafua.
Kesho yake, ya kuharisha.
Jirani akaleta shubiri, haikuuzwa, ililetwa kwa upendo.
Zote zilikuwa dawa nzuri,
za ugonjwa mwingine.

Mshana wa mifugo alimpasua mmoja juu ya gazeti la juzi.
Mapafuni punje, nyeupe zenye unjano, mfano wa ulezi.
"Kuvu, mama. Ukungu huu.
Dawa ya kuku wa bei hii hakuna."
Ndewawio akatazama dirishani, mlima ulikokuwa.
"Si huo," akasema kijana. "Wa kwenye gunia."

Mimi ndiye mtunza daftari wa kikundi chetu,
kwa hiyo hesabu alinisomea mimi, nami nikaandika:
vifaranga, laki mbili na sitini na nne;
dagaa na mashudu, thelathini na nane;
mkaa, ishirini; dawa, thelathini na moja;
pumba, kumi na tano.
Kalamu ikasita hapo. Akadhani wino umekwisha.

Mkopo laki tatu na nusu, na riba juu yake.
Waliobaki thelathini na watatu, wamedumaa,
jogoo mwenye miezi minne unamshika kwa kiganja kimoja.
Daftari halina safu ya kijana wa chipsi wa Dabo Rodi
aliyengoja trei za mayai mpaka Agosti, akatafuta mwingine.
Halina safu ya Anaeli, fomu yake ya ufundi
imekunjwa ndani ya Biblia, muda wake umepita.
Halina safu ya mbuzi.
Mbuzi nilimwona mwenyewe akivutwa kwenda kwa mchinjaji,
amekaza miguu ya mbele.
Jumapili ile marejesho yalitimia, tukampigia makofi.

Siku hizi magunia yangu yanalala juu ya mbao.
Ukuta nimeuziba.
Lile la pembeni nililichoma usiku, moshi wake ulinikohoza siku mbili,
wala sikumwambia mtu ninakohoa nini.

Juzi alikuja tena. Vifaranga ishirini tu, safari hii.
Akafungua gunia mwenyewe, akazamisha mkono hadi kiwiko,
akautoa, akanusa vidole, kimoja kimoja.
Kisha akaninusa mimi kwa macho.

"Elfu kumi na tano," nikasema, "kwako."
Akahesabu kumi na nane,
akaziweka juu ya mizani,
akasubiri hadi nizichukue zote.