Kidole cha Nne

Barua ilikuja na stempu iliyobandikwa kichwa chini.
Tilen, darasa la pili, kijiji cha Planina,
hakuanza kwa salamu.

"Ukurasa wa kumi na tisa umekosea.
Mguu wa mbele una vidole vitatu.
Nyinyi mmechora vinne.
Nimehesabu mara sita, kisha nikamwita dada yangu Neža,
naye anajua kuhesabu mpaka elfu."

Miaka mitatu nilikitunga kitabu kile,
kurasa thelathini na mbili za picha za rangi
kuhusu mnyama asiye na haja na rangi:
yule wa mapangoni, chini ya mawe yetu ya chokaa,
tunayemwita samaki-mtu
ingawa si samaki, seuze mtu.
Ngozi ndiyo iliyomponza akapata jina,
nyeupe yenye damu kwa mbali,
kama kisigino cha mtoto aliyetoka kuoga.

Niliandika kwamba macho yake yamefunikwa na ngozi
na matamvua yake yako nje, mekundu, shingoni.
Niliandika kwamba aweza kukaa miaka bila kula.
Mhariri akauliza, "Watoto hawataogopa?"
Nikamwambia watakwenda kuwauliza mama zao
kwa nini wao lazima wamalize supu.
Niliandika kwamba zamani, mafuriko yalipomtapika nje,
watu walisema ni kinda la joka,
na mama yake yuko huko chini anajigeuza usingizini.
Kila neno nililipima.
Kidole sikukipima.

Nikampigia simu Bogomir, mchoraji.
Akanyamaza mpaka nikasikia birika lake likichemka.
"Mkono wangu umezoea vyura," akasema.

Vyura, kweli, wana vinne mbele.
Jicho likisinzia, mazoea hushika kalamu.

Nakala elfu moja na mia mbili.
Mchapishaji akacheka: "Nani atahesabu vidole?"
Nikamwekea barua mezani.
Akaitazama ile stempu, akaacha kucheka,
lakini fedha za kuchapa upya hakuwa nazo.

Basi nikanunua kichupa cha rangi nyeusi
na brashi nyembamba kama unywele wa kope,
nikapanda basi.
Postojna, Cerknica, Logatec, Vrhnika,
kila maktaba naomba kiti na taa.
Kazi yenyewe ni ndogo:
maji ya pangoni pale ukurasani ni meusi,
unaongeza tone la giza juu ya kidole,
unapuliza, unasubiri, unafunga.
Cerknica, Bi Ljudmila alinivalisha glavu
na kusimama nyuma yangu kama askari wa benki.

Nakala nyingine zilikuwa na maziwa yaliyokauka,
na makombo ya mkate ndani ya mshono.
Ya Logatec ilikwisha sahihishwa:
mtu alikikata kidole kwa kalamu ya risasi, kwa nguvu,
karatasi ikatoboka.
Ya Vrhnika, kwa wino wa buluu,
mwingine alikuwa ameongeza cha tano
akakivisha pete.
Ile sikuigusa.

Kumbe walikuwa wakihesabu muda wote huo,
bila kumwambia mtu.

Planina nilifika mvua ikinyesha.
Tilen alikuwa na pengo na soksi mbili zisizofanana.
Nikatoa kichupa. Akakificha kitabu mgongoni.
"Changu kiache. Hiki ndicho chenye kosa nililoliona mimi."
Kisha akauliza, akinitazama mikono:
"Na yeye, kule gizani, anajua kwamba ana vitatu?"

Nikasema sijui.
Neno hilo halimo popote katika zile kurasa thelathini na mbili.

Akatikisa kichwa, kama mwalimu anayekubali jibu nusu,
akavuta kiti chake karibu na changu,
akalamba kidole,
akafungua ukurasa wa ishirini na tatu.