Mate ya Shangazi Thuwaiba

Karatasi ya maelekezo ilisema:
usile wala usinywe nusu saa kabla ya kutema.
Shangazi akacheka. Ilikuwa Ramadhani, Al-Khoudh,
joto limeegemea mlango kama mdai.
"Nusu saa? Mimi nina saa kumi na mbili."
Lakini mate hayakuja.
Alikaa na kichupa mdomoni kama mtoto na filimbi mbovu,
mpaka nikamtajia embe bichi kwa chumvi na pilipili,
ndimu, mbilimbi, achari ya marehemu mama yake.
Hapo kikajaa hadi mstari.

Tulikuwa tunatafuta bonde.
Al-Makri: limo kwenye pasi, kwenye kadi za harusi,
kwenye kibao cha shaba getini,
na kila Al-fulani ana bonde lake, ana falaji yake,
ana kisima alichochimba babu wa babu.
Sisi tulizunguka Ibra, Bidiya, hadi Sur.
Ami Ghasib aliuliza kila baraza;
wazee walitukirimu halwa, wakamimina kahawa,
wakatafakari: "Makri... labda kule mbele."
Kule mbele palikuwa na jangwa na kituo cha petroli.

Majibu yalikuja wiki ya sita, kwenye simu yangu,
ramani yenye madoa.
Uskochi, ishirini na tatu kwa mia.
Chini yake binamu, mtu hai, ana picha na paka:
Una MacRae, wa mji wa Paisley.
Aliandika siku ile ile, kama aliyekuwa kakaa mlangoni.
*Babu yangu alikuwa na kaka, Donald, fundi wa mitambo ya mvuke.
Alikwenda Zanzibar. Alileta barua mbili. Kisha kimya.*

Ami Ghasib akasema: futa. Binti yangu anaposwa Shawwal,
na wakwe wanauliza mpaka kabila la mbuzi.
Shangazi hakufuta. Akavua miwani.
"Masikio ya baba yalikuwa yakiiva juani kama pilipili.
Nilidhani ni hasira."

Kisha akanipa ile ya sabini na nne,
foleni ya uhamiaji, Maskati, feni moja kwa watu mia.
Karani aliuliza: kabila?
Baba akajibu jina walilomwita mtaani Unguja,
mtoto wa Makrei, basi.
Karani aliandika alichosikia, akapiga muhuri.
Baba akatoka nje, akalisoma mara tatu
kama mtu anayejaribu viatu vya kuazima.
Akasema: "Vimenitosha."

Nikamwandikia Una. Akajibu:
hata hilo la kwetu si lenyewe.
Kwa lugha ya milimani lilikuwa Mac Rath, mwana wa neema;
akaja karani wa kwao, Mwingereza, hakujua kulitamka.
Kumbe na wao alishawapitia.

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakamata simu,
akaipeleka ramani kusini kwa kidole kimoja.
"Na huku?"
Huku, Shangazi, ni Afrika ya Mashariki.
"Bi Tausi yuko wapi? Mama yake baba?"
Niligusa. Rangi moja, kijani, toka pwani hadi maziwa makuu,
bila mji, bila paka, bila binamu hata mmoja.
Hakuna wa upande ule aliyetema mate kichupani.
Bibi aliyezaa, akalea peke yake,
akamwachia mwana jina la mtu aliyeondoka,
yeye ni rangi tu.

Adhana ya magharibi ikaanza. Tende ilikuwa mkononi mwake,
na bado hakuila.
"Muulize huyo Una," akasema,
"zile barua mbili. Anazo?
Donald alimtaja?"

Nimeuliza.
Paisley bado ni mchana. Tunangoja.
Kibao cha shaba kiko palepale getini,
na asubuhi Shangazi alikisugua kwa ndimu na majivu,
herufi moja moja,
akabakisha pembeni mahali patupu,
pa kiasi cha jina fupi.