Hesabu ya Koti

Daftari nimelinunua soko la Hull, kwa muuzaji
wa betri na soksi za jozi tatu.
Ukurasa wa kwanza nimeandika jina lako, Mbwana,
chini yake la Mwanakheri,
nikapiga mstari kwa ukingo wa boksi la dawa.
Upande huu pauni, upande ule shilingi.
Katikati nimeacha nafasi ya kuhema.

Viza yako. Viza ya mtoto.
Ada ya hospitali kwa miaka ambayo hamjaugua bado,
yote kwa mkupuo.
Kipimo cha kifua: hapo mtakohoa kwa risiti.
Mtihani wa Kiingereza, na nauli ya kuufuata Dar,
maana Korogwe hawapimi ulimi wa mtu.
Cheti cha ndoa kitafsiriwe, muhuri juu ya muhuri,
na shehe wetu, unamjua,
mwandiko wake ni kuku aliyeparura majivu.

Nilidhani tikiti ndiyo mlima.
Tikiti ni kichuguu.

Juzi nimekwenda kuona chumba Barabara ya Beverley,
juu ya duka la samaki wa kukaanga.
Sikuwa na futi. Nikatoa kanga mkobani, nikapima ukuta:
kanga mbili na nusu hadi dirishani,
kanga moja na kiganja pa kumlaza mtoto.
Mwenye nyumba akaniangalia kama ninayetandika msiba.
"Mko wangapi?"
Nikasema, "Kwa sasa, mmoja."
Anataka kodi ya mwezi, amana ya wiki tano,
hati tatu za mshahara,
na mdhamini mwenye nyumba yake.
Mimi mwenye nyumba ninayemjua ni Bi Maureen,
ninayemgeuza mara tatu usiku asipate vidonda,
naye huniita kwa jina la dada yake.

Haba na haba, sawa.
Lakini kibaba changu kina tundu:
mita ya umeme inayomeza Januari nzima,
karo ya Sefu, bati za mama,
na viatu vya kazini, Mbwana, vilivyofunguka mdomo
kana kwamba navyo vina la kuuliza.

Mwaka juzi nilifanya kosa, nikanunua koti.
Duka la mitumba la kanisa, la buluu, lina kofia,
pauni nne, miaka mitano hadi sita.
Nikaandika: koti, tayari.
Ukurasa mzima, "tayari" ilikuwa hiyo moja.
Likatundikwa nyuma ya mlango.
Nikirudi alfajiri nalikuta limenitangulia kusimama.

Aprili, ada zikapanda.
Nikamwomba mama yako ampime mtoto
kwa uzi wa katani, toka bega hadi kifundo cha mkono,
akanihesabia kwenye simu kwa viganja.
Viganja vyake si vyangu; nikapunguza kimoja
kwa kujipendelea.
Mkono bado ulivuka.
Ada imepanda, na mwana kapanda,
na mshahara umekaa kitako.

Fedha iliyopo inamleta mmoja.
Ukitangulia wewe, tutakuwa na mishahara miwili,
naye atabaki na bibi yake, akijifunza kunisahau taratibu.
Akitangulia yeye, nani atamshika
nikienda kumgeuza Bi Maureen?
Nimeizungusha hesabu hii mbele nyuma,
nimejumlisha hata yale mayai niliyoacha kununua.
Jumapili nikitoka zamu nitapiga.
Usinijibu "amua wewe."
Nimeamua mno, hadi mkono una sugu ya kalamu.

Koti nimelirudisha. Mama wa kanisa
kalitundika palepale, pauni nne ileile.
Nimechukua jingine, jekundu, miaka tisa hadi kumi.
Kubwa, linaburura.
Nimeandika: koti.
Pembeni sijaandika kitu.